Rais wa Marekani Achaguliwe na Raia, Si na Wajumbe

Katika uchaguzi wa Novemba 2020, Joe Biden alimshinda Donald Trump kwa kura zaidi ya milioni 7 katika Marekani nzima. Pamoja na wingi huo, urais wake ulisimama juu ya majimbo matatu, yaani Arizona, Georgia na Wisconsin, ambako tofauti kati ya wagombea hao wawili, ukiijumlisha, ilikuwa takriban kura 43,000. Lau majimbo hayo yangeelekea upande wa pili, kila mgombea angebaki na wajumbe 269 wa uchaguzi, yaani watu wanaomchagua Rais kwa niaba ya majimbo, hakuna ambaye angefikisha 270 wanaohitajika, na uamuzi ungepelekwa katika Baraza la Wawakilishi. Huko Katiba inaagiza kila jimbo lipige kura moja tu, California yenye watu karibu milioni 40 sawasawa na Wyoming isiyofikisha hata 600,000. Chama cha Democratic kilikuwa na wabunge wengi zaidi barazani Januari 2021, lakini Republican ndio waliokuwa na wingi ndani ya zaidi ya nusu ya majimbo. Kwa hiyo mgombea aliyezidiwa kwa kura milioni 7 angeweza kuapishwa kihalali kabisa, bila kura hata moja kuibwa na bila sheria yoyote kuvunjwa.

Naanza na hesabu hiyo, ambayo haikutimia, kwa makusudi. Mjadala kuhusu wajumbe wa uchaguzi huko Marekani huzoeleka kurejea kwenye majina ya walioshindwa ingawa walipata kura nyingi zaidi za wananchi, Al Gore mwaka 2000 na Hillary Clinton mwaka 2016, wote wa Democratic, na kwa sababu hiyo wengi huuona kuwa ni malalamiko ya chama kimoja. Mwaka 2024 Trump alipata wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris na pia akamzidi kwa kura za wananchi kwa takriban milioni 2.3, na mara moja mjadala ukapoa, kana kwamba kasoro ya utaratibu huondoka pale matokeo mawili yanapokubaliana. Haiondoki. Msimamo wangu ni kwamba Rais ambaye amri zake zinamfikia kila raia anapaswa kuchaguliwa kwa kura za raia wote zikiwa na uzito mmoja. Hofu ya msingi ya watetezi wa wajumbe, kwamba Rais asiwe mtu wa upande mmoja wa nchi, naiona kuwa ni hofu halali. Ninachopinga ni madai kwamba wajumbe ndio dawa yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mmarekani anapopiga kura ya urais, kisheria anachagua kundi la wajumbe wa jimbo lake, ambao kazi yao pekee ni kumpigia kura Rais na Makamu wake mwezi Desemba. Kila jimbo hupewa wajumbe kulingana na idadi ya wabunge wake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza wawili kwa ajili ya maseneta wake. Mji mkuu wa Washington ulipewa watatu kwa marekebisho ya 23 ya Katiba mwaka 1961, na jumla yao ni 538. Katika majimbo 48 na mji mkuu, anayeongoza jimboni hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote. Maine na Nebraska pekee hugawa baadhi ya wajumbe kwa wilaya za ubunge. Katiba haikuagiza popote kwamba mshindi achukue wote. Majimbo mengi yalijichagulia njia hiyo yenyewe katika miongo ya mwanzo ya jamhuri, kwa sababu chama kinachotawala jimbo hakikuona faida ya kumgawia mpinzani wajumbe ambao jimbo jirani lilikuwa halimgawii mwenzake.

Wanaosifu hekima ya waasisi husahau mara nyingi jinsi jambo hili lilivyofikiwa. Katika mkutano wa Katiba huko Philadelphia mwaka 1787, James Wilson wa Pennsylvania alipendekeza Rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja, na pendekezo hilo likakataliwa. Sababu zilikuwa kadhaa, na baadhi yake zilikuwa za kweli kwa wakati ule: nchi ilikuwa kubwa, habari zilisafiri kwa farasi na merikebu, na wajumbe wengi wa mkutano walihofia kwamba Rais akichaguliwa na Bunge atakuwa mtumwa wa Bunge. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na James Madison aliitamka waziwazi tarehe 19 Julai 1787. Alikiri kwamba wananchi ndio waliofaa zaidi kumchagua Rais, kisha akaeleza kuwa haki ya kupiga kura ilikuwa imeenea zaidi Kaskazini kuliko Kusini, na kwamba majimbo ya Kusini yasingepata nguvu yoyote katika uchaguzi huo kwa ajili ya watumwa wao. Wajumbe wa uchaguzi walilitatua tatizo hilo la wenye watumwa. Kwa kuwa idadi ya wabunge ilikokotolewa kwa kumhesabu kila mtumwa kama tatu ya tano ya mtu, na idadi ya wajumbe ikafuata idadi ya wabunge, mtumwa ambaye hakuwa na haki hata ya kumiliki mwili wake alimwongezea bwana wake nguvu ya kumchagua Rais.

Matokeo hayakuchelewa. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Virginia ilikuwa na wajumbe 21 na Pennsylvania 15, ingawa idadi ya watu huru katika majimbo hayo mawili haikutofautiana sana. Thomas Jefferson alipata kura 73 za wajumbe dhidi ya 65 za John Adams, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba ukiondoa wajumbe waliotokana na hesabu ya watumwa, Adams angebaki madarakani. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais wa Marekani, miaka 32 ilishikwa na watu wa Virginia wenye watumwa: Washington, Jefferson, Madison na Monroe.

Utumwa ulipokomeshwa, watu weusi wa Kusini walianza kuhesabiwa kuwa watu kamili, jambo lililoyaongezea majimbo hayo wabunge na wajumbe. Kisha wakanyang'anywa kura. Mwaka 1876 Samuel Tilden wa Democratic alipata zaidi ya nusu ya kura zote nchini, lakini matokeo ya majimbo kadhaa ya Kusini yakagombaniwa, tume maalumu ya watu 15 ikaamua kila shauri kwa kura 8 dhidi ya 7, na Rutherford Hayes wa Republican akatangazwa mshindi kwa wajumbe 185 dhidi ya 184. Mapatano yaliyofungua njia ya tangazo hilo yaliandamana na kuondolewa kwa majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakiwalinda watumwa waliokombolewa huko Kusini. Tangu hapo hadi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965, kwa takriban miaka 90, majimbo ya Kusini yaliwahesabu watu weusi katika kugawana wajumbe na kuwafukuza vituoni siku ya kupiga kura. Chini ya kura ya moja kwa moja, jimbo linalowazuia watu wake kupiga kura linajipunguzia nguvu lenyewe. Chini ya wajumbe halipungukiwi na kitu, kwa sababu wajumbe wake hawabadiliki hata kama watapiga kura raia elfu moja tu. Kwangu mimi hili ni zito kuliko mifano yote ya mshindi aliyezidiwa kura.

Nalo halikuisha mwaka 1965. Mississippi ina asilimia kubwa zaidi ya wakazi weusi kuliko jimbo jingine lolote, zaidi ya theluthi moja ya watu wake. Wengi wao hupigia kura Democratic, na mara ya mwisho chama hicho kushinda jimbo hilo katika uchaguzi wa urais ilikuwa mwaka 1976 na Jimmy Carter. Kila baada ya miaka minne tangu hapo, laki kadhaa za raia hao wamepanga foleni, wakapiga kura, kura zikahesabiwa, kisha wajumbe wote wa jimbo wakaenda kumchagua mtu waliyemkataa. Upande wa pili una hadithi hiyohiyo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2020 jimbo lililompa Trump kura nyingi kuliko majimbo yote lilikuwa California, zaidi ya milioni 6, nyingi kuliko alizopata Texas aliyoishinda. Zote hizo hazikumpatia mjumbe hata mmoja, sawa na kura zaidi ya milioni 5 ambazo Biden alizipata Texas.

Jambo hili linawagusa hata wasemaji wa Kiswahili. Wakongomani kutoka Kivu na Katanga waliopokewa Marekani kama wakimbizi wamekaa kwa wingi katika majimbo kama Texas, Kentucky na Arizona, na baadhi yao sasa ni raia wenye haki kamili ya kupiga kura. Ndugu wawili waliotoka Bukavu pamoja, mmoja akapangiwa Louisville na mwingine Phoenix, hawana sauti moja mbele ya mgombea urais. Yule wa Phoenix, Arizona, atatafutwa nyumbani kwake, atapigiwa simu, na kampeni itajifunza hata anasali wapi, kwa kuwa mwaka 2020 jimbo lake liliamuliwa kwa kura 10,457. Yule wa Louisville, Kentucky, hatatafutwa na chama chochote, kwa kuwa matokeo ya jimbo lake yanajulikana kabla kampeni haijaanza. Mwaka 2024 karibu kampeni yote ya urais ilifanyika katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada.

Orodha hiyo inatosha kuijibu hoja inayorudiwa kuliko zote, kwamba wajumbe huyalinda majimbo madogo yasimezwe na makubwa. Ni kweli kwamba Wyoming ina wajumbe watatu, mmoja kwa takriban watu 192,000, ilhali California ina 54, mmoja kwa takriban watu 730,000. Kwa karatasi, mkazi wa Wyoming ana uzito karibu mara nne. Lakini ni mgombea gani amewahi kubadilisha sera yake ya urais ili aipate Wyoming, au Vermont, au Dakota Kusini? Majimbo hayo hayatembelewi kwa sababu ileile ambayo California haitembelewi, kwamba mshindi wake anajulikana. Kinacholipa jimbo nguvu chini ya utaratibu huu ni kugawanyika kwa karibu nusu kwa nusu, na hiyo ni sadfa ya siasa ya kizazi kimoja. Ohio na Florida zilikuwa zikipiganiwa kwa nguvu zote miaka 20 iliyopita, na leo zimeondoka kwenye orodha bila kuwa zimeongezeka au kupungua umuhimu wake kwa taifa.

Madai kwamba miji mikubwa itamchagua Rais peke yake nayo hayahimili hesabu. New York, mji mkubwa kuliko yote, ulikuwa na watu milioni 8.8 katika sensa ya mwaka 2020, katika nchi ya watu milioni 331. Hao hawafiki 3 kati ya kila 100, na si wote wanaopiga kura upande mmoja.

Ikiwa shabaha ni kumlinda mdogo ndani ya muungano, zipo njia zinazofanya hivyo kweli, na Mtanzania anaweza kulizungumzia hili kwa uzoefu wake. Zanzibar ni ndogo sana mbele ya Tanzania Bara, na katika uchaguzi wa Rais wa Jamhuri ya Muungano kura za Bara huzifunika za Visiwani bila shida. Katiba ya mwaka 1977 haikuijibu hali hiyo kwa kuzipa kura za Unguja na Pemba uzito wa ziada katika urais. Iliagiza kwamba Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu wake atoke upande wa pili, na kwamba baadhi ya mambo makubwa ya Muungano yasibadilishwe bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakihesabiwa mbalimbali. Mtu anaweza kubishana kama ulinzi huo unatosha, na Wazanzibari wengi hubishana, lakini umewekwa mahali panapostahili, yaani katika utungaji wa sheria na mgawanyo wa madaraka. Marekani nayo tayari ina Seneti, ambamo Wyoming na California zina maseneta wawili wawili, na hakuna sheria wala jaji wa Mahakama ya Juu anayepita bila baraza hilo. Mdogo amekwisha kulindwa. Kumlinda tena katika kura ya urais ni kumpunguzia raia wa jimbo kubwa haki yake mara mbili kwa sababu moja.

Hofu ya Rais wa upande mmoja ina uzito zaidi, na hapa Afrika imefikiri kwa kina kuliko inavyosifiwa. Nigeria, ikitoka katika vita vya Biafra na utawala wa kijeshi, iliandika katika katiba yake ya mwaka 1979 kwamba mshindi sharti apate kura nyingi zaidi na pia angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Majimbo yalikuwa 19, theluthi mbili ya 19 si namba kamili, na Shehu Shagari alipofikisha robo katika majimbo 12 tu, huku akiikosa Kano, shauri lilifika Mahakama ya Juu, ambayo iliuthibitisha ushindi wake. Waandishi wa sharti hilo walikosea hesabu, lakini wazo lao lilikuwa sahihi: kura za raia zihesabiwe sawa, na juu yake mgombea athibitishe kwamba anakubalika katika sehemu nyingi za nchi.

Kenya ilijifunza wazo hilo kwa gharama. Sharti la robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane lilikuwapo tayari mwaka 1992, lakini bila sharti la kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na Daniel arap Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu, upinzani ukiwa umegawanyika. Katiba ya mwaka 2010 iliyaunganisha yote mawili: mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47, na asipopatikana wa namna hiyo duru ya pili ifanyike ndani ya siku 30. Chini ya utaratibu huo mgombea wa ukanda wa Mlima Kenya analazimika kuzitafuta kura za Kakamega, Mombasa na Garissa hata kama hatarajii kuongoza huko, kwa sababu kila kura inaingia katika jumla na pia inamsogeza kwenye robo anayoihitaji. Mgombea wa Democratic nchini Marekani hana sababu ya namna hiyo ya kwenda Oklahoma. Watetezi wa wajumbe husema utaratibu wao unamlazimisha Rais kujenga uungwaji mkono mpana, nami nasema sharti la Kenya ndilo linalomlazimisha, ilhali wajumbe wanamlazimisha tu kushinda pembeni mwa Milwaukee, Philadelphia na Atlanta.

Sharti la zaidi ya nusu ya kura lisichukuliwe kuwa la mapambo. Kura ya moja kwa moja bila duru ya pili inaweza kumpa urais mtu aliyekataliwa na wengi, na kanda yetu ina mifano. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifanya duru mbili mwaka 2006, ikaifuta duru ya pili kwa kubadilisha katiba Januari 2011, na mwaka huohuo Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa chini ya nusu ya kura. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa takriban asilimia 38. Tanzania nayo ilidai zaidi ya nusu ya kura katika uchaguzi wa mwaka 1995, kisha mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000 yakamruhusu mwenye kura nyingi kuliko wengine kutangazwa hata kama hakufikia nusu. Hayo yalikuwa makosa, na Wamarekani wanaotaka kura ya moja kwa moja wasiyarudie. Mwaka 1968 Richard Nixon alipata asilimia 43 ya kura, Hubert Humphrey karibu sawa naye, na George Wallace, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, zaidi ya asilimia 13. Katika nchi yenye mgawanyiko wa namna hiyo, duru ya pili ni ya lazima.

Hoja ya watetezi wa wajumbe ambayo mimi naiona kuwa nzito kuliko zote husikika mara chache. Wanasema wajumbe huuwekea mgogoro mipaka. Mwaka 2000 nchi nzima iliitazama Florida, ambako George W. Bush alitangazwa kuongoza kwa kura 537 kati ya takriban milioni 6, na kura zilizobishaniwa zilikuwa za jimbo moja tu. John F. Kennedy alimzidi Nixon mwaka 1960 kwa takriban kura laki moja tu kati ya milioni 68. Je, kura zingepaswa kuhesabiwa upya katika kila kijiji cha Marekani? Swali ni la haki. Lakini kadiri fungu la kura linavyokuwa kubwa ndivyo uwezekano wa kukaribiana kupita kiasi unavyopungua. Tangu mwaka 2000 tofauti ndogo kuliko zote katika kura za taifa zima imekuwa zaidi ya nusu milioni, wakati tofauti za majimbo yaliyoamua urais mara kadhaa zimekuwa mamia au maelfu tu. Hizo tofauti ndogo ndizo zinazomshawishi aliyeshindwa. Trump alipompigia simu msimamizi wa uchaguzi wa Georgia Januari 2021, alimtaka amtafutie kura 11,780, moja zaidi ya alizozidiwa. Hakuna mtu ambaye angeweza kuombwa atafute kura milioni 7. Vivyo hivyo, mpango wa kuandaa orodha mbadala za wajumbe katika majimbo saba, uliotangulia uvamizi wa Bunge tarehe 6 Januari 2021, uliwezekana kwa sababu kati ya kura ya raia na kuapishwa kwa Rais kuna ngazi kadhaa za vyeti na mikutano ambazo mtu mwenye nia mbaya anaweza kujipenyeza. Sheria ya mwaka 2022 imeziba baadhi ya mianya hiyo. Ngazi zenyewe bado zipo.

Hata hivyo, anayetaka kura ya moja kwa moja sharti akubali masharti yake yote. Marekani haina tume ya taifa inayosimamia uchaguzi na kutangaza matokeo, kwani kila jimbo lina sheria zake na kazi imegawanywa kwa maelfu ya kaunti na miji. Maine na Vermont huwaruhusu hata wafungwa kupiga kura, wakati majimbo mengine humnyima haki hiyo mtu aliyekwisha kumaliza kifungo chake. Kura zikijumlishwa kitaifa, tofauti hizo zitakuwa dhuluma mpya, kwa sababu jimbo litakaloregeza masharti litapata uzito zaidi. Sifa za mpiga kura wa Rais zitapaswa kuwa moja nchi nzima, na lazima kuwe na chombo kinachojumlisha na mahakama inayoweza kukikagua. Kenya imeonyesha ugumu na uwezekano wa jambo hili kwa pamoja. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa Rais kwa kasoro za upokezi wa matokeo, na mwaka 2022 tume iliweka fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, mtandaoni ili yeyote ajumlishe mwenyewe. Tanzania ina kura ya moja kwa moja, lakini Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais baada ya Tume kuyatangaza, na mwenye shaka hana pa kuipeleka. Kura sawa isiyoweza kukaguliwa ni nusu ya haki.

Marekani ilikaribia kubadilika. Baada ya uchaguzi wa 1968, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Septemba 1969, kwa kura 338 dhidi ya 70, marekebisho ya Katiba ya kuwaondoa wajumbe na kuweka kura ya moja kwa moja, na Rais Nixon mwenyewe akayaunga mkono. Katika Seneti muswada huo, uliosimamiwa na Birch Bayh wa Indiana, ulizuiwa mwaka 1970 kwa mjadala usio na kikomo ulioongozwa na maseneta wa Kusini, miongoni mwao Strom Thurmond na James Eastland. Wengi wa maseneta waliopiga kura walitaka mjadala ufungwe, lakini theluthi mbili haikupatikana. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu watu weusi wa Mississippi walindwe kisheria wapige kura, na Eastland alikuwa seneta wa Mississippi.

Sasa marekebisho ya Katiba yanahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili na majimbo 38, na hilo haliko karibu. Njia inayojaribiwa ni mkataba kati ya majimbo, ambapo kila jimbo linaloingia huahidi kuwapeleka wajumbe wake wote kwa mshindi wa kura za taifa, ahadi itakayoanza kufanya kazi majimbo yaliyoingia yakifikisha wajumbe 270. Hadi mwaka 2024 majimbo 17 na mji mkuu, yenye wajumbe 209, yalikuwa yameingia. Nauunga mkono nikijua upungufu wake: hauna duru ya pili, jimbo linaweza kujitoa, utafika mahakamani siku ya kwanza, na yote yaliyoingia kufikia hapo huelekea upande wa Democratic. Lakini haikuwa hivyo wakati wote, kwa kuwa Seneti ya jimbo la Oklahoma iliupitisha mwaka 2014 na baraza la wawakilishi la Arizona mwaka 2016, yote yakiwa mikononi mwa Republican, ingawa hakuna kati ya hayo iliyofika kuwa sheria.

Maseneta wa Marekani pia hawakuwa wakichaguliwa na wananchi. Mabunge ya majimbo ndiyo yaliyowachagua kwa zaidi ya karne moja, na Seneti ilikataa mara kwa mara kujibadilisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Oregon ilianza kuwafunga wabunge wake kwa ahadi kwamba watamchagua seneta yule aliyeshinda kura za raia, majimbo mengi yakaiga, na Seneti ikajikuta na maseneta ambao kwa kweli walikuwa tayari wamechaguliwa na wananchi na hawakuwa na sababu ya kuuogopa utaratibu huo. Marekebisho ya 17 yakapita mwaka 1913. Mkataba wa sasa unaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa urais, ikiwa waliouanzisha watarudi kuzungumza na Republican wa Oklahoma na Arizona, na ikiwa wataandaa mapema maandishi ya marekebisho yatakayoufuata, yenye duru ya pili, sifa moja za mpiga kura na haki ya kukagua hesabu.